Maji Matupu na Upondo Mrefu

Ufundi mwingi husifiwa kwa kile unachoacha nyuma. Seremala huacha kitanda, mwashi huacha ukuta, fundi cherehani huacha gauni ambalo mwenyewe atalivaa harusini na kuulizwa kashonewa wapi. Msafisha vioo hulipwa kwa kutoacha kitu. Kazi yake ikiwa nzuri, mtu aliyeketi ghorofani pale Musoma haoni kioo hata kidogo, anaona ziwa. Ikiwa mbaya, jua la saa kumi jioni linaianika hadharani: hapa kitambaa kilipita, hapa hakikupita, hapa tone lilikauka.

Tone hilo ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji. Maji yakikauka huenda zake hewani, lakini kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hubaki kwenye kioo: kalsiamu, magnesiamu, silika, chumvi za aina aina. Doa jeupe la mviringo unaloliona kwenye dirisha la benki si uchafu uliosahaulika. Limeletwa na maji yenyewe yaliyokuja kuosha. Kwa hiyo kijana anayetaka kufungua biashara ya kuosha madirisha ya maghorofa, akaanza kwa kuuliza anunue upondo gani, amerukia swali la pili. La kwanza ni maji.

Upondo ninaousema ni mti wa vipande vinavyoingiana kama ariali ya redio ya zamani, una mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye brashi kileleni. Pampu ndogo ya betri ya volti 12 husukuma maji yaliyoondolewa madini yote. Yanatoka kwenye matundu ya brashi, na fundi aliyesimama chini anasugua fremu, anasugua kioo, anasuuza, kisha anahamia dirisha linalofuata. Hafuti. Hapo ndipo wateja hushtuka na kudhani wameibiwa, kwa sababu kioo kinaachwa kikichuruzika maji. Wangoje dakika chache. Maji yasiyobeba kitu hayana cha kuacha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii inamaliza buibui wa ghorofa ya tatu, nadhani watatusamehe.

Kabla ya upondo palikuwa na ufundi mwingine ambao haujafa na haustahili kufa. Mwaka 1936 Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano huko California, alianza kuuza kifutio chepesi cha shaba chenye ukanda mmoja wa mpira, na hadi leo vifutio vya mkononi vya kazi hii vinafuata umbo lake. Mkono uliozoea kifutio hicho huvuta maji kwa mchoro mmoja unaojipinda kutoka kona hadi kona bila kunyanyuka, na kioo cha dukani kinakauka kabla mwenye duka hajamaliza kuhesabu chenji. Tatizo lake ni kwamba mkono lazima ufike. Ghorofani mkono haufiki bila ngazi, na ngazi huangusha watu. Uingereza ilipotunga kanuni za kazi za juu mwaka 2005, zikimtaka mwajiri aepuke kumpandisha mtu kila inapowezekana, pondo za maji zilienea haraka huko. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tunao wakala wa serikali wa kuisimamia. Tunazo pia ngazi za mirunda zilizopigwa misumari asubuhi ya kazi, na vijana wanaosimama kwenye kingo za madirisha wakishika fremu kwa vidole. Anayeagiza kazi ifanywe hivyo anajua anachookoa ni pesa, na anajua ni shingo ya nani inayowekwa rehani.

Sasa turudi kwenye maji, maana hapa ndipo mkoa wetu wa Mara unapowapinga wauzaji wa vifaa wa ng'ambo. Wauzaji wengi hukuambia ununue mashine kamili ya hatua tatu: vichujio vya tope na mkaa, kisha kichujio cha utando kinachokamua maji kwa shinikizo, kisha chupa ya rezini inayomalizia madini yaliyopenya. Ushauri huo unafaa kwa miji yenye maji ya chokaa. Lakini Ziwa Viktoria ni mvua iliyokusanyika. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo hunyesha moja kwa moja juu ya uso wake, hayapiti kwenye mwamba wowote kuokota madini. Ndiyo maana ukichovya mita ya TDS, kile kidude kidogo kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kwenye maji ya ziwa la wazi, unasoma namba ya chini sana, kiasi cha miligramu 50 hadi 70 kwa lita. Ipo miji mikubwa duniani ambayo maji ya bomba yake husoma mara tano ya hapo.

Fundi wa Musoma, ambaye bomba lake linaleta maji ya ziwa yaliyotibiwa, anaweza kuuacha utando dukani na kutumia rezini peke yake. Rezini huchoka kadiri inavyobeba: mfuko uliokwisha kwa lita elfu moja za maji ya 300 utaenda karibu lita elfu tano kwa maji ya 60. Hesabu hiyo ndogo inaweza kumwokolea mtaji wa miezi. Atachuja tope kwanza, maana ziwa lina mwani, na mvua za masika huteremsha udongo mwingi wa Mto Mara hadi ghubani. Rezini ikianza kuchoka mita itamwambia. Anachokitaka ni sifuri; chini ya 10 kioo bado kinasamehe; zaidi ya hapo madoa yanarudi, na mteja anarudi nayo.

Bunda ni habari nyingine, au tuseme ni habari mbili. Mji unaletewa maji ya ziwa kutoka chanzo cha Nyabehu, lakini viko pia visima virefu, na hoteli au kituo cha mafuta chenye kisima chake hakina haraka ya kumlipa mtu mwingine bili. Maji ya kisima yamekaa na mawe muda mrefu na yamechukua ya mawe; vingine vina chumvi ambayo ulimi unaitambua kabla ya mita. Hapo rezini peke yake itakufilisi. Hapo unahitaji utando, ambao huondoa asilimia 95 na zaidi ya madini na kuiachia rezini makombo, na siku utakayoulisha maji ya bomba, kabla yake unahitaji kichujio cha mkaa, kwa sababu klorini ya maji hayo huula utando taratibu mpaka uwe pazia tu. Butiama ni vivyo hivyo. Mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama unapandisha maji ya ziwa hadi huko juu, ila boma moja linaweza kuwa na bomba la mradi upande huu na kisima upande ule. Usipime mji, pima koki utakayochotea.

Utando una aibu yake moja ambayo vipeperushi vya mauzo huipitia mbio. Kwa kila lita ya maji matupu unayopata, lita moja hadi tatu hivi hutoka pembeni kama maji ya kumwaga. Mahali ambapo akina mama wamepanga foleni ya madumu kando ya barabara, mtu anayemwaga maji mtaroni ili dirisha la mtu ling'ae anatafuta lawama, na ataipata kwa haki. Maji hayo ni ya kisima kilekile, yameongezewa tu chumvi. Yanafaa kudekia, kuoshea magari, kusuuzia vyoo. Fundi mwenye adabu huja na pipa la pili. Na msimu wa mvua asisahau paa: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki baada ya mvua ya kwanza kuosha mabati huwa karibu na sifuri kuliko chochote kitokacho bombani.

Upondo wenyewe sasa. Kuna wa alumini, ambao ni rahisi kwa bei na ambao mimi ningeuacha dukani. Kuna wa faiba, nyenzo ileile ya boti zinazozidi kuonekana Makoko na Mwigobero. Ni mzito kidogo na hupinda ukirefushwa, lakini ni mgumu kufa. Kuna wa nyuzi za kaboni, mwepesi na mkakamavu, ambao ukiushika baada ya kushinda na faiba unahisi mabega yamerudishwa. Kwa ghorofa moja au mbili, futi 20 za faiba zinatosha. Ukishafika ghorofa ya tatu na ya nne, kama kwenye majengo ya Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa, faiba inakuwa adhabu: kila futi inayoongezeka huongeza mtikisiko kileleni, na brashi inayotikisika haisugui, inapapasa. Upepo nao una ratiba. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo huvuma kutoka ziwani, na mti mrefu unakushinda. Kazi ya juu Musoma ni ya asubuhi.

Kaboni ina jambo lingine, na hili ni la kufa na kupona. Inapitisha umeme. Mjini nyaya za TANESCO hupita jirani na roshani kuliko tunavyokumbuka, na macho ya mtu anayeosha yako kwenye kioo, si mgongoni mwake. Wengine hujifariji kwamba faiba haipitishi. Faiba iliyolowa nje na yenye safu ya maji ndani si kitu cha kuaminiwa chini ya waya wa kilovolti 11. Zunguka jengo kwanza, tazama juu, na dirisha lililo karibu na waya liache na umwambie mwenye jengo kwa nini umeliacha.

Usafiri huamua ukubwa wa tangi. Lita moja ni kilo moja, hivyo tangi la lita 300 kwenye pikipiki ya matairi matatu ni kilo 300 zinazoyumba kwenye kona ya kushuka Mwigobero. Brashi kwa kawaida hutumia lita moja hadi mbili kwa dakika. Anayeanza na mfuko mwembamba aende duka la pembejeo pale Bunda, nchi ya pamba, anunue pampu ya mgongoni ya betri, ya lita 16 au 20, mpya kabisa. Nasema mpya kwa msisitizo: iliyowahi kubeba dawa ya pamba haifai kuoshea dirisha la chumba cha mtoto, hata ukiisuuza mwaka mzima. Ndani yake aweke maji matupu na aunganishe mpira wa upondo. Ataosha duka la ghorofa moja bila kuhitaji tangi wala pikipiki.

Utendaji una utulivu wake. Fremu huoshwa kwanza, hasa ukingo wa juu, maana vumbi lililojificha hapo ndilo litakaloshuka kama michirizi ukishaondoka. Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari, ukingo huo hubeba vumbi la malori na kiangazi kizima. Musoma hubeba wadudu wa ziwani, wale wasiouma, ambao huibuka kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo na kupaa mpaka mgeni anadhani kuna moto upande wa visiwani. Usiku hufuata taa na kufia kwenye vioo. Ukiwapangusa na kitambaa kikavu unawapaka. Walowanishe, ngoja, ndipo usugue. Jengo lisilowahi kuoshwa hivi lioshwe mara mbili siku ya kwanza, na bei iseme hivyo mapema.

Kuna madirisha ambayo upondo huu hauyawezi, na ni mengi kuliko wauzaji wanavyokiri. Nyumba zetu nyingi zina nondo na wavu wa mbu. Nondo zikiwa nje, brashi inagonga chuma. Wavu ukiwa nje, maji yanauosha wavu tu. Nyumba za chini za namna hiyo, na makabati ya vioo kama ya Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa 1999, ni za mkono, ndoo na kifutio cha Steccone. Upondo ni wa hoteli, benki, hospitali na majengo yaliyovaa vioo vya buluu mwili mzima. Na ni wa sola: paneli zilizo juu ya paa hupoteza umeme kwa vumbi, hazina nondo wala wavu, na chumvi ya maji ya kisima huzifunika ukungu uleule unaofunika madirisha. Ukanda wa kuanzia Bunda hadi lango la Ndabaka una nyumba za wageni zenye paneli hizo, na sijui kwa nini vijana wetu wanagombania madirisha ya benki moja mjini.

Basi ukiwa na mtaji mdogo, anza na mita ya TDS. Ni ndogo kuliko simu yako na bei yake haifiki hata ya ngazi nzuri. Musoma, ongeza chupa ya rezini na upondo wa faiba wa futi 20. Bunda na Butiama, ukikuta kisima, weka akiba ya utando kabla hujaahidi kazi kwa mtu. Kaboni inunuliwe na pesa ya kaboni, yaani ile itakayolipwa na ghorofa ya nne yenyewe.