Mji wa Nyoka Si Kuzimu

Hebu tuanze na kosa letu sisi wanafunzi wa fasihi simulizi. Tukikuta mji ulio chini ya ardhi, haraka tunauita kuzimu, tunaupachika uovu, kisha tunafunga daftari. Miji ya Wanaga, yaani nyoka wenye hadhi ya kifalme katika masimulizi ya Kihindu na Kibudha, haikubali usomaji huo.

Katika Vishnu Purana, Narada anarudi kutoka Patala na kuwaambia wakaao mbinguni kwamba huko kunapendeza kuliko mbingu ya Indra. Jua la huko hutoa mwanga bila kuunguza, na vito vinameremeta kila upande. Sasa jamani, hiyo ni kuzimu gani?

Uzito wa suala hili umo katika Mahabharata. Arjuna na Krishna wanamsaidia Agni, mungu wa moto, kuuteketeza msitu wa Khandava, makao ya Takshaka. Mke wa Takshaka anauawa akimwokoa mwanawe. Baadaye, kwa laana ya kijana wa Kibrahmani, Takshaka anamwua Parikshit, mjukuu wa Arjuna. Janamejaya, mwana wa Parikshit, anawasha moto wa kafara ili awamalize nyoka wote. Anayeuzima ni Astika, ambaye baba yake ni mtawa na mama yake ni Mnaga.

Tuangalie fani hapa. Utenzi wenyewe unasimuliwa kwenye kafara hiyo: sifa za ukoo wa washindi zinatambwa huku walioshindwa wakiungua. Mtu atanipinga kwamba Bhogavati, mji wa Vasuki, haukujengwa na wakimbizi wa Khandava. Kweli. Lakini nadai kwamba, baada ya moto ule, hatuwezi tena kuutazama mji wa chini kama pango la maadui tu.

Wabudha wanaligeuza swali. Katika Jataka ya Champeyya, Bodhisatta anazaliwa mfalme wa Wanaga kwa kutamani fahari yao, kisha anajuta. Anauacha utajiri wote akafunge saumu duniani, kwa kuwa utakaso unapatikana kwa binadamu tu.

Kwa maoni yangu hapo pana udhaifu: Mnaga anasifiwa anapotamani kuacha kuwa Mnaga. Astika aliwaokoa walivyo. Je, wenzangu, ni msimulizi yupi aliyewatendea haki?