Sufuria ya maji haitoshi kueleza upepo wa Jua

Makala na video nyingi kuhusu upepo wa Jua husema hivi: korona, tabaka la nje la Jua, ina joto la zaidi ya nyuzi milioni 1, gesi yake inatanuka, basi inafoka kama mvuke kwenye sufuria. Picha hiyo inakumbukika, na si uongo. Eugene Parker alijenga hoja yake ya mwaka 1958 juu ya kutanuka huko, na mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kikathibitisha kwamba upepo upo. Shida ni kwamba sufuria inaficha elektroni.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kwenye nyuzi milioni 1, protoni hukimbia wastani wa kilomita 150 hivi kwa sekunde. Kuliponyoka Jua kutoka usoni pake kunahitaji kilomita 618 kwa sekunde. Hapo protoni haifiki mbali, si ndiyo? Elektroni, nyepesi mara 1,836, hukimbia kilomita 6,000 hivi. Ingeondoka bila hata kuaga. Ila ikitangulia inaacha chaji chanya nyuma, na papo hapo unazuka uga wa umeme unaoizuia elektroni na kuivuta protoni nje.

Hesabu za Parker zilijumuisha shinikizo la elektroni. Ni sisi wasimulizi tuliolitupa, tukabaki na mvuke ambao molekuli zake hazina chaji na hugongana kila mara. Kwenye upepo wa Jua migongano ni nadra, hivyo elektroni hazina hata joto moja. Kuna kundi kubwa la katikati, kuna halo yenye nishati zaidi, na kuna mkondo mwembamba unaofuata mistari ya usumaku kutoka Juani.

Parker Solar Probe, kilichorushwa 2018, kililikaribia Jua hadi kilomita milioni 6.1 tarehe 24 Desemba 2024. Katika mizunguko yake kimeonyesha kwamba karibu na Jua mkondo ule una nguvu na halo ni hafifu. Tena, miongoni mwa elektroni zinazorudi kuelekea Jua, zile za kasi kubwa zimepungua. Sababu ni rahisi: zenye kasi ya kutosha zimeushinda uga wa umeme, zimekwenda zao. Kwa upungufu huo, watafiti hukadiria nguvu ya uga wenyewe.

Lakini tusibadilishe sufuria moja kwa nyingine. Uga huo unaeleza sehemu kubwa ya msukumo wa upepo wa polepole. Ule wa kasi, wa kilomita 700 kwa sekunde na zaidi, unahitaji msukumo mwingine, na mawimbi ya usumaku ndiyo yanayoshukiwa zaidi.

Hii ndiyo hasara ya sufuria: mwanafunzi anadhani swali lilifungwa 1958, wakati bado liko wazi na linamhitaji. Kwa hiyo ukisoma tena "gesi moto inatanuka", uliza: chembe zipi, joto la nani, na nani anamvuta nani?