Sabuni ya Mwani Haitaki Haraka

Kilimo cha mwani kilianza kuwa biashara Zanzibar mwaka 1989, na Paje na Jambiani ni miongoni mwa vijiji vilivyotangulia. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, wanawake hushuka pwani kufunga vipando kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vijiti. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika na kuuza kwa kilo, kwa bei anayoisema mnunuzi. Miaka ilivyokwenda, baadhi yao wakaanza kujiuliza kwa nini mwani wao usiishie kwenye sabuni yao wenyewe. Kuwaza hivyo hakukuwa na gharama. Kazi ni kuligeuza wazo hilo kuwa bidhaa inayouzika, na kazi hiyo unaiona ukikaa kimya uani kwa mama mmoja wa Paje siku anayochanganya.

Huanza na mwani wenyewe. Huuosha kwa maji baridi mara kadhaa mpaka chumvi na mchanga viishe, akauanika tena, akausaga, kisha akauchekecha kwa chekeche la matundu madogo. Chenga zinazobaki huzirudisha kusagwa, kwa sababu chenga moja ikibaki kwenye sabuni itakwaruza shavu la mteja.

Kisha huja mizani. Hapa hakuna kikombe wala kukadiria kwa jicho. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji kostiki soda gramu 183 ili yote yageuke sabuni. Yeye hupima 150 tu. Mafuta ya nazi yakigeuka yote hukausha ngozi, kwa hiyo huacha sehemu yake ibaki mafuta. Anajua pia kwa nini hakuchagua mafuta mengine: sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, na visima vingi vya pwani vina chumvi.

Huvaa glavu, akasimama upepo ukiwa mgongoni, akamimina soda ndani ya maji gramu 330. Soda ndiyo huingia majini. Maji hayamwagwi juu ya soda, maana yataruka na kuunguza. Chombo chake ni ndoo ya plastiki nene. Sufuria za jikoni ziko pale pale, lakini hazigusi: ni za alumini, na soda hula alumini. Mchanganyiko hupata moto wenyewe bila jiko. Huuacha kivulini upoe huku akishona ukili, na huugusa ubavu wa ndoo kwa kiganja, mara moja moja, mpaka uvuguvugu umridhishe.

Sasa humimina maji ya soda ndani ya mafuta taratibu, akikoroga kwa mwiko, upande mmoja, mwendo mmoja. Mjukuu wake, aliyeshika kibati, huchoka kabla yake.

"Bibi, si imeshakuwa?"

"Bado, mwanangu. Tazama mstari."

Huinua mwiko na kuacha matone yaanguke. Yakizama, hukoroga tena. Yakibaki juu na kuacha mstari, kama uji mzito uliochorwa kwa kijiko, ndipo hutia unga wa mwani na mafuta ya karafuu, akakoroga kidogo tu, akamimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa karatasi.

Sabuni ya nazi huwahi kuwa ngumu; ukilala ukasahau, kesho itapasuka chini ya kisu. Kwa hiyo huikata siku ile ile, vipande 12 vya gramu 120 kila kimoja. Karatasi ya kufungia imeandikwa gramu 100. Gramu 20 za ziada ni za maji yatakayokauka, ili mteja akikiweka kipande kwenye mizani yake asione upungufu.

Halafu vipande hupangwa rafuni, vikiachiana nafasi, na kugeuzwa kila baada ya siku chache kwa wiki sita. Kabla ya kufunga, hulowesha kidole, akasugua kipande, akagusisha ulimi. Ikiwa kinachoma, kinarudi rafuni.

Katika wiki hizo sita mtaji wote umelala juu ya mbao, na ndipo wengi hushindwa: huuza sabuni mbichi, inayeyuka bafuni kwa mteja, na mteja harudi. Yeye alipanga njia yake. Huchanganya sanduku moja kila wiki, dogo, kwa fedha anayoweza kukaa bila kuwa nayo. Wiki sita za mwanzo hakuuza kitu, akaendelea kupanda mwani na kushona ukili. Kuanzia ya saba, kila wiki kuna sanduku lililokomaa, na pesa yake hununua mafuta ya sanduku jipya.

Daftari lake lina mistari ya mafuta, soda, karafuu, karatasi na nauli ya daladala hadi mjini. Lina pia mstari wa mwani, ingawa ameulima mwenyewe. Hujitoza bei ile ile ambayo mnunuzi angempa. Bila mstari huo, anasema, sabuni ingeonekana ina faida hata pale ambapo angepata zaidi kwa kuuza mwani mkavu. Mwisho wa mwezi hujumlisha, akaweka kalamu chini, na anajua kwa hakika ni kipi kati ya viwili hivyo kilichomlipa.