Herufi Kubwa katika Tenzi za Kale

Tenzi nyingi za kale za pwani yetu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo hazina herufi kubwa. Anayezinukuu kwa hati za Kirumi hulazimika kuamua jambo ambalo mtunzi hakuliamua. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ni ya usafi tu. Kwa maoni yangu ni kazi ya ufasiri, na yafaa ihukumiwe hivyo.

Tuchukue neno amu. Kwa herufi ndogo ni ndugu wa baba. Kwa kubwa ni Lamu, kama wenyewe wauitavyo mji wao. Hapo muktadha hutosha kuongoza. Ugumu umo katika neno mola. Mtunzi wa zama za utumwa aliweza kumkusudia Muumba, au bwana mwenye mtumwa, au wote wawili kwa pamoja. Mnukuzi aandikapo Mola katikati ya mshororo, huwa amefunga mlango mmoja, na msomaji hajui kwamba palikuwa na miwili. Na neno hilo likianza mshororo, desturi ya kuanza kila mshororo kwa herufi kubwa huficha hata uamuzi wenyewe.

Vivyo hivyo mwana. Katika utendi wa mwaka 1858, Mwana Kupona anamuusia bintiye. Mwana ni mtoto, tena ni neno la heshima kwa bibi mwenye nasaba. Aandikaye Mwana Kupona ameihifadhi heshima hiyo. Aandikaye Mwanakupona ameimeza ndani ya jina.

Wapo watakaosema kwamba herufi kubwa ni adabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Adabu ni wajibu, lakini Msahafu haukupungukiwa na utukufu kwa kukosa herufi hizo. Tena sarufi yetu yenyewe haikubali. Asemapo mja "nakuomba", anayeombwa yumo katika silabi ya pili. Je, tuandike naKuomba?

Basi, pale maana ni moja, majina yapewe herufi kubwa. Pale maana ni mbili, herufi ndogo ibaki, na tanbihi izitaje zote mbili. Na kanuni iliyofuatwa ielezwe katika dibaji. Mhariri anyamazaye huwaacha wanafunzi wakariri uamuzi wake miaka nenda miaka rudi, wakidhani ni kauli ya mtunzi, naye mtunzi yumo kaburini, hawezi kujitetea.