Supay Si Shetani: Uhakiki wa Blaki Metali ya Milima ya Andes

Mwaka 1560, mtawa wa Kihispania Domingo de Santo Tomás alichapisha kamusi ya Kikechua, lugha iliyotumika katika dola ya Inka na ambayo hadi leo ina mamilioni ya wasemaji nchini Peru, Bolivia na Ekwado. Katika kamusi hiyo neno supay linaweza kuwa malaika mwema au mbaya. Kinachowatofautisha ni kivumishi kinachoandamana nalo. Baadaye mahubiri yalimfuta yule mwema, na Supay akabaki na maana moja tu: shetani.

Nimeanza na kamusi kwa sababu mgogoro mkuu wa muziki ninaouhakiki umo ndani ya neno hilo.

Blaki metali ni tawi la muziki wa roki lenye gitaa linalokwaruzwa kwa kasi bila kupumzika, ngoma zinazomiminika kama mvua ya mawe, na mwimbaji anayepiga ukelele mahali ambapo wengine wangeimba. Ulipata umbo lake mashuhuri nchini Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiwa na uhasama mkubwa dhidi ya Ukristo. Uhasama huo ulifika hatua ya kuchoma makanisa: kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketezwa Juni 1992. Kabla ya hapo bendi ya Bathory ya Uswidi ilikuwa imeshaanza kuwaacha mashetani na kuigeukia miungu ya kale ya Skandinavia, kama inavyosikika katika albamu ya Hammerheart ya 1990. Mkondo huo, unaojiita wa kipagani, ndio uliovuka bahari na kupanda Andes. Nchini Peru, Kranium ya Lima ni miongoni mwa bendi zilizotangulia kuchanganya metali na ala za Andes. Baadaye zikaja nyingine kama Yana Raymi, jina ambalo kwa Kikechua lina maana ya “sherehe nyeusi”.

Kimaudhui, vijana wa Andes wana sababu nzito kuliko wenzao wa Norwei, ambako Ukristo una umri wa takribani miaka elfu moja. Huko Peru, kampeni za kanisa za kung’oa ibada za jadi zilipamba moto katika karne ya 17, na miili ya mababu iliyokuwa imehifadhiwa kwa kukaushwa ilichomwa. Mwaka 1781, baada ya uasi wa Túpac Amaru II, hukumu iliyomuua kiongozi huyo mjini Cuzco ilipiga marufuku pia pututu, yaani baragumu la kombe la baharini. Kwa hiyo pututu linapolia kabla ya gitaa kuingia, msikilizaji asilichukulie kuwa pambo. Hiyo ni ala iliyowahi kuhukumiwa.

Tatizo linaanza pale msanii anapomchukua Supay na kumvika mavazi ya Shetani wa Norwei, pamoja na msalaba uliopinduliwa. Msanii huyo anadhani anampinga padri, kumbe anatumia tafsiri ya padri yuleyule. Tuwatazame wachimbaji wa madini wa Potosí na Oruro, Bolivia. Ndani ya migodi yao kuna sanamu yenye pembe wanayoiita Tío, yaani mjomba. Pembe hizo zina athari ya mahubiri, lakini uhusiano wao naye ni wa Kiandes: humpa majani ya koka, sigara na pombe, naye huwapa madini na kuwalinda, au huwadhuru wakimsahau. Ni mwenye mali anayedai haki yake. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani vinyago vya Kimakonde vinavyoitwa shetani navyo havimchongi Ibilisi wa vitabu vya dini. Jina ni la kuazimwa. Kiumbe ni mwingine.

Suala la pili ni lugha. Mara nyingi kichwa cha wimbo huwa cha Kikechua, ilhali maneno yake ni ya Kihispania. Hata Kikechua kinapoimbwa, ukelele hukidhuru kwa namna ya pekee. Kiswahili hupachika viambishi vingi mwanzoni mwa kitenzi. Kikechua huvibeba mwishoni mwa neno. Ukelele unapomeza mwisho wa neno, humeza pia nafsi na wakati. Kuna mfano wa kulinganisha: Uchpa, bendi ya Peru inayopiga roki na bluzi kwa Kikechua. Haijipaki rangi usoni wala haitishi mtu, lakini maneno yake yanasikika, na kwa lugha iliyodharauliwa kwa karne nyingi huo ni uasi wa kutosha.

Je, basi, fani hii haifai kubeba visasili vya Andes? Inafaa, tena kuliko inavyodhaniwa. Wapiga filimbi za siku katika nyanda za juu hupenda sauti nene, na huziacha filimbi zipishane kidogo ili mvumo ujae. Gitaa la blaki metali linatafuta mvumo wa aina hiyohiyo. Kaskazini mwa Potosí, wapo wanamuziki wanaoamini kuwa nyimbo mpya hutoka kwa sirinu, viumbe wa chemchemi na maporomoko ya maji, na huacha ala zao huko usiku ili zitiwe sauti. Muziki unaotoka gizani ulikuwepo Andes kabla ya gitaa la umeme.

Ila siku ina sharti lake. Filimbi hii imegawanywa sehemu mbili, ira na arka, na kila sehemu ina baadhi tu ya noti. Mpigaji mmoja hutoa noti yake, mwenzake humjibu, na wimbo hukamilika kwa wawili. Blaki metali, kwa upande wake, imezoea kumtukuza msanii wa peke yake anayerekodi kila ala chumbani mwake. Anayerekodi ira na arka zote mwenyewe amepata noti zote, lakini amekosa kile ambacho filimbi hiyo inafundisha.

Hukumu yangu ni kwamba muziki huu hudhoofika unapojishughulisha na kulitisha kanisa, kwa sababu hapo kanisa ndilo linaloendelea kuchagua maneno. Hupata nguvu unapougeukia mlima, mgodi na chemchemi, na kuzungumza navyo kama wenyeji wanavyozungumza: kwa kutoa, kudai na kusubiri jibu. Mhakiki asiishie kuhesabu ala za jadi zilizomo katika albamu. Aulize pia kama Supay anayetajwa humo ni yule wa mgodini au yule wa mimbarini.