Kiuno kilichopasuliwa na bidoni la lita 20

Mtu aliyepasuliwa kiuno akirudi nyumbani Goma, jambo linaloikabili familia siku hiyohiyo ni nani atachota maji. Mabomba hayafiki kila mtaa, na yanapofika hukauka. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, maji na umeme vilikatika, watu wakateremka Ziwa Kivu na mabidoni yao. Bidoni moja la njano likijaa ni lita 20, yaani kilo 20 na ushei. Mpango wa kumrudishia mgonjwa nguvu usiolitaja bidoni hilo, kwa maoni yangu, umeandikiwa mtu wa mji mwingine.

Ili kuelewa kwa nini, tuangalie kwanza kinachofanyika chini ya kisu. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski: pete ngumu kwa nje, ute mzito ndani. Pete ikipasuka, ute husukumwa nje na kuubana mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha maelezo yaliyounganisha maumivu hayo ya mguu na diski iliyopasuka, na kwa hoja yao upasuaji huu ukaenea duniani. Mara nyingi tatizo liko kwenye diski mbili za chini kabisa, zile zinazobeba uzito mwingi. Daktari hufungua kidogo, huondoa kipande kinachobana, hufunga. Pete yenyewe haishonwi wala haizibwi. Mwili ndio utakaoziba tundu kwa kovu, polepole.

Hapo ndipo mgonjwa anapodanganyika. Neva imeachiwa nafasi siku ileile, kwa hiyo maumivu ya mguu yanaweza kupungua sana kabla hata nyuzi hazijatolewa. Mtu anajiona mzima. Pete na misuli iliyokatwa, hata hivyo, vinahitaji wiki kadhaa. Ganzi ya vidole au udhaifu wa unyayo huchukua muda mrefu zaidi, kwani nyuzi za neva zilizoharibika huota upya kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni safari ndefu. Anayelala na ganzi miezi mitatu baada ya upasuaji asikate tamaa, na asiyesikia maumivu wiki ya kwanza asikimbilie bidoni. Kati ya wagonjwa 100, diski hutoka tena pale pale kwa watu 5 hadi 15.

(Ninazungumzia upasuaji wa kuondoa kinachobana tu. Aliyewekewa skrubu na vyuma ili pingili ziungane ana kalenda nyingine ya miezi mingi, na aifuate ya daktari wake.)

Siku za kwanza kazi ni ndogo ila ina ufundi. Kutoka kitandani: kunja magoti, geuka ubavu, mabega na nyonga vikigeuka kwa pamoja kama gogo linaloviringishwa. Teremsha miguu ukingoni mwa kitanda, na wakati huohuo jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae. Kiuno hakijipindi hata kidogo. Ukiwa na godoro lililobonyea chini sakafuni, ufundi huu karibu hauwezekani, kwa hiyo familia itafute kitanda kabla mgonjwa hajafika. Choo cha shimo nacho kinadai kuchuchumaa hadi chini; kiti kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo, kinamaliza tatizo kwa bei ya seremala wa mtaani.

Kutembea huanza siku ileile au kesho yake. Huko Goma ardhi yenyewe ni lava iliyoganda, na mitaa mingi haina hatua kumi zilizo sawa, basi ni afadhali kwenda na kurudi mara sita kwenye kipande kifupi cha lami kuliko kuzunguka mtaa mzima juu ya mawe. Moto, yaani pikipiki ya abiria, iachwe kwa wiki za mwanzo: kila jiwe linapiga kiuno ambacho bado hakina misuli ya kukilinda. Aliyepasuliwa Kigali ana zaidi ya kilomita 150 za kukaa garini, na ana haki ya kumwomba dereva asimame ili anyooshe miguu.

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kushindwa kuzuia mkojo au kutoutoa kabisa, ganzi kati ya mapaja, unyayo unaozidi kulegea, homa, au kidonda kinachotoa usaha au maji meupe kama ya bomba. Hapo ni hospitali, usiku huohuo kama njia ipo.

Zamani madaktari waliagiza mapumziko marefu. Katika miaka ya 1990 daktari Eugene Carragee wa Stanford, Marekani, alijaribu kinyume chake: aliwaondolea wagonjwa 50 marufuku zote na kuwahimiza warudi kwenye shughuli mapema kadiri wanavyoweza. Wengi walirudi kazini ndani ya wiki chache, bila mafuriko ya diski kupasuka upya. Mwaka 2014 mapitio ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 22 yenye washiriki 2,503. Mazoezi yaliyoanza wiki ya nne hadi ya sita yalipunguza maumivu na ulemavu haraka kuliko kukaa tu, na hayakuonekana kuongeza upasuaji wa pili. Waandishi wenyewe walikiri kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Bado kuna jambo moja humo ambalo Goma inapaswa kulishika kwa mikono miwili: mazoezi ya nyumbani hayakuonekana kuwa duni kuliko yale yanayosimamiwa na mtaalamu.

Wataalamu hao wa viungo, ambao mjini wanaitwa kine, wapo: HEAL Africa, hospitali ya CBCA Ndosho, kituo cha Shirika la Umoja. Lakini vita vimewajazia mikono waliopigwa risasi na waliokatwa viungo. Mtu wa diski akipata kikao kimoja cha kufundishwa vizuri na karatasi ya kurudi nayo nyumbani, hajanyimwa matibabu.

Karatasi hiyo iseme nini kuhusu maji? Hapa jibu zuri lilitoka Ujerumani. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake waliingiza kipimo cha shinikizo ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja wa kujitolea, wakamwacha afanye shughuli za kawaida. Akiwa amelala, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.1. Akisimama, 0.5. Aliponyanyua kilo 20 kwa kuinama mgongo ukiwa duara, 2.3. Aliponyanyua uzito uleule kwa kukunja magoti, 1.7. Alipoushika ukiwa umegusana na mwili, 1.1. Alikuwa mtu mmoja tu, ni kweli, ila uzito aliopewa ni wa bidoni letu kamili. Tena vipimo vinaonyesha kwamba hatari kubwa iko pale linaponyanyuliwa kutoka chini; kulibeba likiwa limeshikamana na mwili ni chini ya nusu ya mzigo huo.

Mabibi wanaobeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso wanajua kutwikana na kutuana. Aliyepasuliwa afanye hivyo kila mara hata akishapona: asijitwike peke yake kutoka chini. Bidoni lijaziwe juu ya jiwe au ukuta ulio usawa wa kiuno, si kwenye udongo.

Halafu bidoni lina fadhila ambayo vyuma vya mazoezi havina: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dozi inapimika bila mizani. Mpangilio ninaoupendelea, kine akiukubali, ni huu. Wiki sita za mwanzo wengine wachote. Kisha vibidoni viwili, kimoja kila mkono ili kiuno kisivutwe upande mmoja, vyenye lita mbili mbili. Wiki ikipita salama, tatu tatu, halafu tano. Kiuno kuchoka jioni kunaruhusiwa. Maumivu yakianza kushuka kupita goti, rudi dozi ya wiki iliyopita. Bidoni la lita 20 lije mwisho, miezi mitatu au zaidi, na kwa kutwikwa.

Msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, atasubiri zaidi. Kikiwa kimejaa viazi au makaa, mteremko humlazimu kukizuia na mpando humlazimu kukisukuma akiwa ameinama, na dozi yake haigawanyiki lita kwa lita. Anaweza kuanza na chukudu tupu kwenye lami, kisha gunia moja, huku mwenzake akipakia na kupakua.

Ninachokipinga ni lile neno jepesi mlangoni mwa hospitali: usibebe tena maisha yako yote. Mama anayelisikia hupata mojawapo ya mambo mawili. Ama analitii, misuli inanyauka, hofu inamkaa kiunoni na biashara yake sokoni Virunga inakufa. Ama watoto wanalala na kiu siku moja, naye ananyanyua lita 20 kwa mgongo wa duara, bila kuwahi kufundishwa kunyanyua mbili. Barua ya kuruhusiwa iandike lita: ngapi mwezi wa pili, ngapi wa tatu, na jina la nani nyumbani atakayemtwika.