Pongezi kwa Mama wa Daftari

Wapo kina mama waliohudumu kama wahudumu wa afya wa kujitolea nchini Kenya wakafariki bila kuonja posho. Matangani tunawasifu kwa ndoa zao na malezi ya watoto wao, na ni haki. Lakini kazi yao nayo itajwe.

Mama wa namna hii aliacha uji mezani akashika njia, daftari kwapani, kuzungukia kaya zipatazo mia. Alikuwa na utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano: ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, na mtoto hasubiri kesho, anapelekwa zahanati. Alijua nani kakatiza dawa za kifua kikuu, na mjamzito yupi hajaanza kliniki. Tena alijua kunyamaza. Siri ya mgonjwa haikufika kisimani, na kwangu huo ndio ufundi wake mkubwa, maana jirani anayeingia hadi chumbani mwako anaweza kukusitiri au kukuanika.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Hatua njema, iliyowakuta wenzao wengi wameshazikwa.

Enyi waume na watoto mliobaki, pokeeni shukrani zetu. Saa walizotupatia kina mama hawa zilikuwa zenu.